Mama Mkasi na Mpaka wa Pembe Nne

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha wachoraji, ghorofa ya tatu, mwenzetu Mama Mkasi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Magoti yake yalitangulia kustaafu mwaka juzi, lifti ilipoharibika.

Aliajiriwa enzi za kalamu na rula ndefu. Kompyuta zilipoingia, wenzake kadhaa waliaga. Yeye alifunga miwani kwa uzi akajifunza.

Jina la utani alilipata kwa kazi ya kukata michoro, isiyotamaniwa na yeyote. Mchoro wa jengo kutoka kwa msanifu huingizwa mzima ndani ya mchoro wetu wa mabomba, kisha huzungushiwa mpaka ili kionekane kipande kinachotakiwa tu. Kilicho nje hakifutwi, kinafichwa. Msanifu akisogeza ukuta nusu mita, na wasanifu hawachoki kusogeza, kila mpaka hurekebishwa upya, pembe baada ya pembe, karatasi arobaini. Mama Mkasi aliifanya kazi hiyo miaka ishirini, chupa ya chai pembeni, akiguna. Aliwahi kusema kwamba akifa, kaburi lake lisichimbwe mpaka msanifu aape hatalisogeza.

Mpaka wake ulifuata jengo kila lilipokata kona. Haukupungua pembe kumi. Kabla ya kufunga kazi yoyote aliiondoa mipaka yote, akatazama kilichofichwa, kisha akairudisha. Tulimcheka, maana kompyuta ilikuwa inakoroma kwa uzito. Tulikosea.

Kamati ya hafla imeomba wasifu huu usiguse barua ya onyo ya miaka kumi na moja iliyopita. Mwandishi anaomba radhi, ataigusa. Karatasi moja ya zahanati ilitoka bila shimo la maji taka lililokuwepo pale tangu zamani. Mafundi wakachimba msingi juu yake, bomba likapasuka, kazi ikasimama wiki tatu. Faili lilikuwa na jina la Mama Mkasi, akaandikiwa yeye. Tangu hapo kila orodha ya kupandishwa cheo ilimruka. Anaondoka na cheo kilekile.

Siku karatasi ile ilipochorwa, Mama Mkasi alikuwa kwenye msiba wa dada yake. Kwenye kompyuta yake aliketi mwandishi wa wasifu huu, akiwa bado katika kipindi cha majaribio, mwenye haraka ya kurudi nyumbani. Akakata mpaka wa pembe nne, shimo likabaki nje, likafichika. Mama Mkasi aliporudi na kuuona, alijua mara moja ni mkono wa nani, lakini hakumtaja mtu. Alimwambia tu mkosaji anyamaze, alee watoto wake, na siku nyingine aongeze pembe. Mkosaji akanyamaza kweli. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini usufi huu umekuwa ukilowa miaka kumi na moja, na mkosaji aliyeubeba kwa siri amechoka.

Asubuhi ya leo maelezo haya yamefika kwa mkuu wa idara, yakiwa na sahihi, yakiomba barua ile itolewe kwenye jalada la Mama Mkasi na iwekwe kwenye jalada linalostahili. Litakalofuata ni haki.

Mama Mkasi, asante, na utusamehe kwa kuchelewa. Tunakutakia mapumziko marefu, kiti laini na nyumba isiyo na ngazi. Jana msanifu wa ghala jipya alisogeza ukuta tena. Usiinuke. Tumeongeza pembe.