Mama Hildegarda na Mayai ya Mama Mkwe

Mwanangu Goodhope sasa hivi ametafuna kona ya karatasi hii, na kona yenyewe ndiyo iliyokuwa na mwaka ambao Nesi Hildegarda aliajiriwa. Mtusamehe. Ninachokumbuka ni kwamba ametumikia miaka thelathini na minne, na leo, tarehe thelathini Juni, anastaafu. Wajawazito wenzangu wa kliniki ya Kidete wamenichagua mimi niandike, maana nilifika kidato cha pili na nina biro.

Alianzia Mikumi. Huko alikuwa akipanga chakula mezani, nje, ili wajawazito waone cha kula: yai, maharage, mchicha, dagaa. Siku moja nyani jike akatokea, akapanda mezani, akala vyote bila haraka. Wanawake wakakimbia. Nesi akabaki palepale, akawaita warudi wamtazame vizuri: huyu naye ana mimba, na hajaomba ruhusa kwa mama mkwe.

Alipohamishiwa kwetu alikuta kazi ngumu zaidi, kwa sababu nyani humaliza akaondoka, lakini mama mkwe unaishi naye. Huku mjamzito alikatazwa kushiba, eti mtoto atanenepa na mama atapasuliwa. Yai ndiyo kabisa: mtoto atazaliwa kipara. Mimi nilitii. Doris wangu akazaliwa na kilo moja na nusu, analia kama kifaranga. Nesi akamfunga kifuani kwangu kwa kanga, ngozi kwa ngozi, akasema nisimshushe. Siku zile sikuthubutu hata kumpa jina; leo anakimbia uwanjani.

Mimba ya pili nikawa naogopa hata kuiona mizani. Ndipo Nesi akatoa amri yake maarufu: kila mjamzito aje na mama mkwe, na mama mkwe ndiye aonje yai kwanza, mbele ya watu. Mama mkwe wangu, Bibi Sesilia, alikubali kwa sharti kwamba nywele zake zikidondoka, Nesi atanyoa za kwake amfidie. Akala. Kliniki iliyofuata akafungua kilemba mbele ya benchi zima. Nywele zote zipo! Tukapiga vigelegele. Yeye akasema yai moja si ushahidi, apewe jingine.

Uchunguzi huo uliendelea mpaka nikajifungua. Mume wangu Petro alilalamika kwamba kuku wakimwona mama yake wanajificha. Mimi nilikuwa nakula yangu taratibu, na maharage, na mchicha, na vile vidonge vya damu, huku namwomba Mungu.

Goodhope akazaliwa kipara. Hana hata unywele mmoja, anang'aa kama yai lenyewe. Bibi Sesilia akapiga kelele hadi stesheni wakasikia: "Nilisema mimi! Nilisema!" Nesi akamlaza mtoto kwenye mizani. Kilo tatu na gramu mia mbili. "Nywele hazina uzito, Mama Petro," akasema. Bibi akaitazama mizani, akaomba apimwe tena, kisha akatangaza kwamba kipara kile ni cha marehemu mume wake, mayai yasisingiziwe. Mimi nililia tu.

Sasa nina mimba ya tatu, na nesi mgeni anakuja Jumatatu. Hofu yangu sitaificha. Lakini Bibi Sesilia ameshamtumia salamu kwamba hapa mwonjaji yupo, ana uzoefu.

Mama Hildegarda, tunakushukuru kwa kila mtoto aliyeisukuma mizani yako ikashuka. Nenda ukapumzike. Jiko lako lisikose moto, banda lako lisikose kuku, na siku ukitukumbuka, uje utu... Jamani, naitwa. Ni yeye mwenyewe, siku yake ya mwisho kazini, anapaza sauti kwamba yai langu limeshamenywa na Bibi Sesilia ameanza kulisogelea, kwa hiyo, wenzangu, niishie hapa kwa kusema asan