Mke Mwenzangu Yuko Meza Kuu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa taasisi, wakuu wa idara, ndugu watafiti, wageni waalikwa, na wewe bandama uliyemo kwenye chupa hapo meza kuu: habari za mchana.

Itifaki nimeizingatia. Lakini hebu niambieni, hii ni haki? Mimi mke wa mstaafu nimekalishwa safu ya tatu, nyuma ya fundi wa vipaza sauti, na mke mwenzangu kawekwa mbele na shada la maua! Msicheke. Nina wivu, tena wivu mkali.

Mume wangu, mnayemwita Bwana Bandama, amezeeka na swali moja: seli za kinga ndani ya bandama zinajuaje pa kukaa? Alinieleza jikoni, kafungua bomba, kidole kakiweka kwenye maji. "Mama watoto, zinahisi damu inavyozisukuma. Ikipita kwa nguvu, zinabaki palepale zikinasa vijidudu. Msukumo ukipungua, zinaondoka." Macho yalimng'aa, na mboga zikaungua. Mimi hajapata kunitazama vile, hata siku ya harusi.

Na mimi bandama sina. Mlijua? Lilitolewa baada ya ajali ya gari, kabla hatujaoana. Anayajua mabandama ya panya wote wa jengo hili, langu hakuwahi kuliona! Kila asubuhi ananishika kifundo cha mkono, anasikiliza mapigo, anauliza kama nina homa, maana kwa mtu kama mimi homa si ya mchezo. Majirani husema, "Huyo anakupenda." Nami najiuliza, ananishika mimi au anaishika damu?

Sasa Mheshimiwa Mkurugenzi amemwomba abaki miaka miwili zaidi. Nimemuuliza nyumbani, kaniambia, "Tutaona." Tutaona nini, baba watoto? Kwa maneno yako mwenyewe, seli isiposukumwa huondoka. Mimi ni lini uliponisukuma? Na bado nimebaki palepale. Nijibu mbele ya watu hawa: kesho asubuhi utakuwa wapi?

Ehe, anainuka. Anakwenda meza kuu. Jamani, anaibeba chupa! Baba watoto, usiniambie unakuja nayo nyumbani...

Amemkabidhi Mkurugenzi.

Basi, Mheshimiwa, mtunze. Anapenda sana kukaa mbele. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia na wivu wangu. Nipisheni kidogo, mume wangu ananisubiri mlangoni.