Uso wa Mama Ulioniponyoka

Shikamooni wazee. Wenzangu, hamjambo. Mtaniwia radhi nikisoma ushuhuda wangu kwenye daftari. Nikiwatazama, maneno yananipotea.

Mama yangu alifariki kule Kilimanjaro nikiwa na miaka minane. Hakuwahi kupigwa picha. Baba akanileta hapa Kariakoo nisome, kwa shangazi, dada yake, anayeuza viazi sokoni. Nyumba yetu ina vyumba sita na wapangaji tele, na bado nilikuwa peke yangu. Mwaka juzi, nimepanga foleni ya maji, nikajaribu kuukumbuka uso wa mama. Haukuja. Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa kuliko siku ya mazishi.

Nikaanza kuuchora. Kwanza kwa penseli, kama tunavyofundishwa shuleni, kivuli upande mmoja wa pua. Akatoka mama wa Kizungu. Nikaenda kwa fundi anayeandika vibao vya maduka, akanipa masalio ya rangi ya mafuta. Nikauiga mtindo wake: rangi nzito, mstari mweusi pembeni. Akatoka mwanamke wa kutangaza sabuni. Nikajaribu rangi za maji. Akatoka mgeni mwingine.

Hapo ndipo nilipoanguka. Nilinakili mwanamke wa kwenye kalenda ya chai, anacheka vizuri, nikaenda naye shule. Nikasema, "Mama yangu huyu. Yuko nyumbani Kilimanjaro, ananiandikia kila mwezi."

Mwenzangu mmoja akaichukua ile picha, akapasuka kicheko. "Jamani, njooni! Mama yake huyu yuko ukutani dukani kwetu, kashika kikombe! Na duka la pili yupo! Mama gani huyu, hachoki?"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka nao. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Muhula mzima sikusema na mtu zaidi ya shikamoo na ahsante, na rangi sikuzigusa.

Siku moja shangazi alikuwa akifagia, akazikuta picha chini ya mkeka.

"Hawa wanawake wote ni nani?"

Nikamweleza yote. Hakunicheka. Akakaa juu ya gunia la viazi.

"We mtoto, uso wa mama yako uliutazama saa ngapi? Yule alikuwa hatulii. Kutwa yuko mbele na mzigo wa majani ya ng'ombe, wewe nyuma unalia akungoje."

Nikachukua kipande cha mkaa jikoni. Nikamchora kwa nyuma: shingo, mzigo kichwani, kanga imelegea, visigino vina tope. Sikuuliza huu ni mtindo wa nani. Mkono ulikwenda wenyewe.

Shangazi akaishika picha. Akasema, "Wifi, kaza hiyo kanga, itakuanguka njiani." Kisha akalia, nami nikalia.

Uso sijaupata, sitawadanganya. Lakini mama nimempata. Namshukuru Mungu, namshukuru shangazi, na yule fundi aliyenipa rangi bure. Mitindo ya watu siijutii, imenizoesha mkono. Nilichojifunza ni hiki: mtu wako mtafute kutoka pale uliposimama wewe, si pale waliposimama wengine.

Kama yupo hapa aliyefiwa na hana picha, anione baada ya sala. Mimi si msemaji. Yeye ndiye atakayesema, mimi nitakuwa nachora.