Bi Tamima, Mwalimu wa Miguu Yetu, Anastaafu

Tarehe 31 Julai 2025 Bi Tamima Nasser atakabidhi funguo za ukumbi wa mazoezi, baada ya kufundisha ngoma katika chuo chetu hapa Wete kwa miaka thelathini na miwili. Mimi Thuwein, mpiga ngoma wake kwa miaka ishirini na miwili, nimetakiwa niandike wasifu wake kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa mpaka sasa moyo haujatulia.

Alizaliwa Mgogoni, katika nyumba ambayo binti kucheza ngoma mbele za watu halikuwa jambo la kuzungumzwa. Alipoajiriwa mwaka 1993 alipewa ndege, ngoma ya wanawake. Mwaka wa pili akaomba na msewe, ngoma ya wanaume. Wazee walinung'unika hadi wakachoka, yeye akaendelea kufundisha.

Aliyoyakuta yalimtisha. Vijana walikuwa wakifunga misewe, njuga zinazoipa ngoma hiyo jina, miguuni kwa kamba ya kukaza, wakiamini ikibana ndiyo inalia. Mguu unakufa ganzi, na kwa kuwa hausikii, kijana anazidi kuupiga sakafuni kwa nguvu. Nao walimu walikuwa wakimsifu! Bi Tamima akaweka sheria: kamba isiyopitisha kidole haichezewi. Akaongeza nyingine. Mwili upashwe moto kwanza, maji yanywewe kabla ya kiu, goti likunjwe wakati wa kutua. Na mwalimu asimwambie mwanafunzi "vumilia". Neno hilo alilipiga marufuku ukumbini, na mimi mwenyewe niliwahi kutolewa nje kwa kulisema.

Wapo wanaokumbuka sherehe ya Pujini, aliposimamisha ngoma mbele ya mgeni rasmi kwa sababu mguu wa mwanafunzi wake Jawad ulikuwa umebadilika rangi. Mgeni rasmi alingoja dakika kumi na moja, huku Bi Tamima amepiga magoti anafungua kamba. Mkuu wa chuo alitamani ardhi ipasuke. Jawad leo ni mwalimu wa ngoma, mzima wa miguu yote miwili, na anasema msemo wa mwalimu wake kana kwamba ni wake: "Mwili hausemi uwongo, ila mwenyewe."

Sasa nifike pale ambapo kalamu yangu inakuwa nzito.

Tarehe 14 Aprili mwaka huu alifundisha saa nzima, peku kama kawaida yake. Mwishoni akaona matone ya damu sakafuni, yamefuata duara lote la wachezaji. Akasimamisha kila kitu. "Nani kakatika? Kila mtu atizame nyayo zake!" Wanafunzi kumi na sita wakakaa, wakainua miguu. Mizima yote. Ummkulthum, wa mwaka wa pili, ndiye aliyepata ujasiri wa kunyoosha kidole. "Bi, ni wewe."

Msumari ulikuwa umezama kwenye unyayo wake wa kulia, kimebaki kichwa chake tu. Alikuwa ameuchezea saa nzima. Alijitazama mguu kama anayetazama wa mtu mwingine, akasema, "Wallahi sisikii kitu." Katika maisha yangu sijapata kusikia maneno yaliyonitia baridi kama yale.

Hospitali wakasema ni kisukari, cha miaka, na kwamba mishipa ya fahamu ya miguuni imeharibika. Siku kumi na moja tulingoja kujua kama mguu utakatwa. Alhamdulillahi, mguu umebaki. Vidole viwili havikubaki.

Nami nina langu la kukiri. Nilijua. Si kisukari, hicho sikukijua, lakini kwa miaka miwili niliusikia mguu wake wa kulia ukitua nyuma ya mdundo. Mpiga ngoma hawezi kukosa kusikia hilo. Nikadhani ni umri, nikaona haya kumwambia, nikawa napunguza mwendo wa ngoma ili asionekane kachelewa. Nilijiona muungwana. Kumbe kila siku niliyomsitiri ndiyo siku aliyokosa kwenda kupimwa. Nilipomweleza, hakunigombeza. Nilitamani angenigombeza.

Alhamisi iliyopita tulimwandalia hafla ndogo ya kumuaga. Mardhiya wa ofisini alikuwa na hotuba ya kurasa tatu. Bi Tamima akaomba isubiri. Akaagiza chelewa moja itolewe kwenye ufagio, akatuamuru walimu wote tukae, tuvue viatu, tufumbe macho, na kila mmoja aseme "naam" atakapoguswa unyayo. Watu wakacheka. Ridha, mwalimu wa mapambo, alipiga ukelele hata kabla hajaguswa. Ikapita "naam" baada ya "naam", nami nikatulia nikingoja zamu yangu. Nikangoja sana. Kicheko kikakoma. Nikafumbua macho niulize kwa nini haanzi, nikamkuta amepiga magoti mbele yangu, chelewa mkononi, machozi yanamtoka. Alikuwa keshanipitishia mara tatu.

Bi Tamima, wenzako wote wa chuo wanakushukuru na wanakuombea kwa Mola afya, utulivu na umri mrefu kwenu Mgogoni. Hotuba ya Mardhiya utaletewa nyumbani, haikusomwa. Nami nakushukuru kwa miguu yangu miwili. Kesho asubuhi naipeleka hospitali.