Tanki Lililonyimwa Pumzi

Ukitoka stesheni ya reli ya Nakuru ukashuka kuelekea Bondeni, ungelikuta benchi la mzee Farjallah, muuza kahawa, limeegemea ukuta wa duka la viatu. Katika miaka ile ya hamsini, dunia ilitengenezwa hapo kila mchana, na hakuna aliyeitengeneza akachafuka mikono. Ijumaa hiyo walikuwapo Makokha, anayetia moto kwenye gari moshi, waliyemwita Stima. Kiprugut, aliyepigana vita vya Wazungu kule Bama, yaani Burma, akarudi na jina la Bama. Na Omolo, karani wa ghala la mahindi, waliyemwita Gazeti kwa kuwa hakuna habari iliyowahi kumpita. Wa nne alikuwa Hezekiah, fundi wa magari, na yeye alikuwa na shida ya kweli. Mtu mwenye shida ya kweli hafai kuipeleka kijiweni, lakini angeipeleka wapi?

Shida yenyewe ilikuwa gari la mlowezi mmoja wa Njoro, ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Haraka. Alitaka kuwashinda wenzake kwenye mbio za kesho upande wa Gilgil, kwa hiyo akamtaka Hezekiah afunge kwenye injini mtambo wa kushindilia upepo, ule unaoitwa supachaja. Gari likakimbia kweli. Lakini injini ilichemka kuliko zamani, na bomba la moshi, linalopita karibu na tanki, likawa halishikiki. Petroli ikaanza kutoa mvuke kupitia kitundu cha kifuniko cha tanki. Memsahibu akaumwa kichwa, na Bwana akasema harufu hataki kuisikia tena. Hezekiah akafanya wanalofanya mafundi wote wa Nakuru tanki likivuja: akakata kipande cha sabuni ya mche, akakilainisha kwa vidole, akaziba.

— Harufu ikaisha? Gazeti akauliza.

— Ikaisha. Na gari pia ikaisha. Kufika mlima wa Mbaruk ikakohoa, ikazima. Bwana kufungua kifuniko, tanki ikavuta pumzi fyuuu! Akipiga stata, inawaka kama haikuwa na maneno.

— Tanki inavuta pumzi? Stima akasema. Wacha mchezo, fundi.

— Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Mimi niliziba mlango. Hiyo tanki sasa imebonyea upande mmoja.

— Basi toa sabuni, bwana! Bama akasema.

— Nimetoa asubuhi. Harufu imerudi, tena mbaya zaidi. Na Bwana anakuja kuchukua gari jioni. Amesema ikizima tena, ama ikinuka tena, nifunge mzigo nirudi Maragoli.

Hezekiah aliyasema hayo akitazama kikombe chake. Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakupenda kulisema, lakini akalisema.

— Na hiyo supachaja wakati mwingine inatema moto nyuma.

Hakuna aliyelishika neno hilo. Kijiwe kilikuwa kimeshapata kazi.

— Hiyo ni kitu ndogo, Stima akasema. Boila yetu ina valvu na springi. Mvuke ukizidi, inafunguka yenyewe. Weka moja hapo kwa tanki.

— Ikifunguka, harufu si itatoka? Hezekiah akauliza.

— Itatoka, lakini kwa mpango. Tena unaweka firimbi. Memsahibu akisikia piii, anafunga pua.

— Memsahibu afunge pua kwa firimbi? Gazeti akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nyinyi watu wa reli mmeharibika. Chukua mpira mrefu, fundi, peleka huo mvuke mpaka ndani ya bomba la moshi. Uchomeke huko, utoke nyuma na moshi. Nani atajua?

— Nitajua mimi, Hezekiah akasema. Nitakuwa nimewasha tanki kwa utambi.

— Nilisoma mahali.

— Ulisoma wapi?

— Mahali.

Mzee Farjallah akawajazia vikombe. Bama alikuwa akisubiri zamu yake, mikono juu ya magoti, na ilipofika hakuiharakisha.

— Sikilizeni. Huko Bama lori zetu zilikuwa zinachemka kuliko hiyo. Hatukuziba, hatukuchoma. Tulikuwa tunakusanya. Fundi, chukua tyubu ya tairi, ifunge kwa kile kitundu. Mvuke unaingia humo. Mbio zikiisha unaifungua kichakani, kwisha.

— Ikijaa je?

— Unaweka mbili.

— Tatu! Stima akasema, maana alikwishasahau firimbi yake. Na gari itakuwa nyepesi. Mvuke si unapanda juu? Itainua nyuma kidogo, Bwana atapita wenzake kama ndege.

— Na jioni unaipelekea mama nyumbani, apikie, Gazeti akamalizia.

Wote wakacheka. Hezekiah pia alicheka, na alipokuwa akicheka aliona aibu, kwa sababu ile tyubu ilikuwa imeanza kumpendeza. Ingekamata harufu, angalau mpaka kesho jioni. Bwana angeshinda au angeshindwa, na yeye angebaki na kazi.

— Nitaiweka wapi? akauliza polepole.

— Chini ya kiti cha nyuma, Bama akasema. Hapo juu ya tanki. Nyuma hakuna mtu.

— Yuko, sauti ya mwanamke ikasema.

Alikuwa Namalwa, yaya wa nyumba ya Bwana Haraka na mdogo wake mke wa Hezekiah. Alikuwa ametoka sokoni na kikapu mkononi, na alikuwa amesimama hapo muda wa kutosha.

— Hamjambo, wazee. Shemeji, hujambo. Kesho nimeambiwa twende Gilgil na mtoto kutazama mbio. Mimi na yeye ndio tunaketi hapo nyuma.

Gazeti akawa anatafuta kitu mfukoni. Hezekiah alimwona akilini Namalwa akiwa amempakata yule mtoto, na chini yao mipira imevimba, na injini inatema moto nyuma. Tangu juzi alikuwa akiihesabu pua ya memsahibu, hasira za Bwana na kazi yake, na hakuwa amewaza hata mara moja kuhusu kiti cha nyuma.

— Usipande, akasema.

— Wakiniuliza kwa nini?

— Sema Hezekiah amekataa. Sema fundi amesema hiyo gari, na hiyo supachaja, haifai kubeba mtu. Wacha, akija jioni nitamwambia mwenyewe.

Namalwa akahamisha kikapu mkono wa pili, akamtazama.

— Na kazi yako, shemeji?

Hezekiah akawageukia wenzake, mmoja mmoja. Benchi zima likatazama chini. Akaweka kikombe chake, akaenda kumsubiri Bwana kwenye gari.