Mama Amka na Mbegu Zilizogoma Kuamka

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika maabara yetu ya mbegu, Mama Amka anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi, na huko ndiko linakoishi. Sisi tumemwita Mama Amka tangu asubuhi ile alipofungua kabati la kuoteshea, akaviinamia visahani na kuziambia mbegu kwa upole kwamba kumekucha.

Alianzia kitengo cha mahindi na maharage, lakini alichoka mapema, maana mbegu za shambani ukizionyesha maji tu zinaota. Ndipo akaomba ua-mwamba, mmea wa porini unaoishi miaka mingi na kuchanua zambarau kwenye mteremko wa mawe nyuma ya mji. Mteremko wenyewe ulikwisha kugeuzwa kokoto za kujengea. Kilichobaki ni mbegu za chupa moja kwenye chumba cha baridi, na ilikuwa haijawahi kuota hata moja. Mama Amka akaapa hatoki hapa kabla hajaliona jani lake.

Mbinu zake tunazijua, kwa sababu nyingi zilitupata sisi. Alizisugua mbegu kwa msasa. Alizichovya kwenye maji ya moto. Aliziweka kwenye friji ya wafanyakazi zipate baridi, mhasibu akadhani ni pilipili manga, akanyunyizia mayai yake. Kwa kuwa zipo mbegu zinazoota baada ya kupita tumboni, Mama Amka alimjulia hali mhasibu juma zima, kwa upendo uliomtia wasiwasi. Alipowasha majani makavu ndani ya ndoo ili azifukize, kengele ya moto ililia na mkurugenzi akashuka ngazi mbio, amekumbatia mto wa kiti chake.

Nyumbani nako hakukuwa salama. Mwanawe wa mwisho, bingwa wa kuchelewa kuamka, husema anamshukuru Mungu kwamba mama yake huuacha msasa kazini.

Kila jaribio lilidumu miezi michache, na taratibu zinataka mbegu zilizoshindwa zichomwe moto. Hilo hakuliweza. Alizionea huruma, akawa anazimwaga dirishani kwa siri ambayo sote tuliijua. Mwaka huu chupa ilibaki na kiganja kimoja tu, nacho kikashindwa. Siku hiyo hatukumtania. Alikaa na chai yake mpaka ikapoa, na sisi tulihuzunika naye.

Alipofungua dirisha kuzimwaga hizo za mwisho, tukasikia ukelele. Tulidhani kaona nyoka. Chini ya dirisha, penye kokoto, pale bomba la kiyoyozi linapodondosha maji, palikuwa na kichaka kimechanua zambarau.

Kumbe mbegu zilitaka jua kali, matone ya maji baridi, na zaidi ya yote kuachwa zipitishe msimu mzima na mwingine. Sisi tulizikatia tamaa mapema. Na kumbe kila mwaka zilikuwa zikiota! Mtunza bustani wetu, asiye na mchezo na magugu, alikuwa akiyang'oa yote na kupewa cheti cha usafi. Mwaka huu kiuno kilimshika, akaenda likizo ndefu. Aliporudi na kuelezwa, aliuomba radhi mmea kwanza, kisha Mama Amka. Kiuno chake tulikipigia makofi.

Kamati ya kuagana ilikuwa imenunua saa ya ukutani. Mama Amka aliitazama, akashukuru, akauliza kama anaweza kubadilishiwa na jembe la mtunza bustani. Amekabidhiwa kwa mikono miwili. Na juzi ameirudishia chupa mbegu mpya, mpaka shingoni.

Mama, asante kwa kicheko, kwa moshi na kwa ukaidi wako. Tunakutakia afya na mapumziko marefu. Jembe litundike mbali, ulale mpaka utakapopenda, maana hakuna atakayekuja kukuambia kumekucha. Ukitukumbuka, njoo: chai yako itakuwa hapa dirishani, na safari hii hatutaiacha ipoe.