Miaka Thelathini na Saba ya Kioo cha Bi Mwanasiti

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi Mwanasiti Mwinjuma, Mkaguzi Mkuu wa Karakana ya Upepo Mwema hapa Pongwe, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na saba na mwezi mmoja. Katika muda wote huo hakuna ndege hata moja iliyoanguka kwa sababu ya kipande alichokikagua na kukitilia sahihi. Rekodi hiyo anaondoka nayo ikiwa nzima. Nayasema haya mapema ili msomaji apumue, maana mwezi Machi ilibaki kidogo sana ichanike, na mmoja wa waliokuwa wanaichana ni mimi ninayeandika hapa.

Kwa kawaida jarida letu huandikwa na Ritha wa masijala, ambaye amesoma mpaka chuo. Safari hii mstaafu mwenyewe alikataa. Alisema, "Mpeni Msafiri. Miaka sita ananisema nikiwa sipo, sasa anisemee mbele ya watu." Basi ndiyo hivyo. Shule mimi niliishia kidato cha pili, lakini kwa gundi na kitambaa cha bawa hakuna wa kunigusa kuanzia hapa mpaka Amani. Anayebisha alete bawa.

Kwa wageni watakaosoma haya siku ya hafla: sisi tunatunza glaida, yaani ndege zisizo na injini. Zinavutwa kwa kamba ya winchi, mashine ya kuvuta iliyo ardhini, mpaka juu, zinaiachia kamba, halafu zinatafuta upepo unaopanda ubavuni mwa milima ya Usambara. Watu wa Pongwe wanaziita ndege bubu. Kwa vile hazina injini, wengi hudhani hazina cha kuharibika. Zina vitu vya kuharibika vingi tu: nyaya, boliti, bawaba, mikono ya chuma iliyojificha ndani ya mkia. Kila kipande kina saa zake, zikifika kinafunguliwa kikaguliwe. Tena mtengenezaji akigundua kasoro anatuma agizo la lazima, na agizo la lazima likishafika ndege hairuki mpaka litekelezwe, hata kama mgeni ameshavaa miwani ya jua.

Bi Mwanasiti hakuja hapa kwa ajili ya ndege. Mwaka 1988 alikuwa fundi cherehani Makorora, anashona sare za shule. Marehemu Ernesti, aliyekuwa fundi mkuu wakati huo, alimpelekea kitambaa kirefu na kumwuliza kama anaweza kukishona kwa mshono wa kubana.

"Shuka la nani hili?" akauliza.

"La ndege."

"Ndege gani anavaa shuka?"

Akaja kutazama mwenyewe, akapewa kazi ya wiki mbili ya kuvalisha mabawa. Wiki mbili hizo ndizo zinazoisha mwezi huu. Alipomaliza kushona alianza kuuliza chini ya kitambaa kuna nini, na Ernesti akakosea akamjibu. Kufikia mwaka 1999 alikuwa na leseni ya ukaguzi, mwanamke wa kwanza katika karakana hii, na Ernesti mwenyewe akawa anampelekea kazi zake azipitishe.

Vifaa vyake vikuu ni vitatu: tochi, kijiko cha shaba, na kioo kidogo alichokifunga kwenye fimbo ya mwavuli ili kichungulie mahali ambapo kichwa hakiingii. Kwa kijiko hugonga bawa na kusikiliza. Mwaka juzi aligonga bawa la glaida ya mgeni mmoja, bawa zuri linang'aa, akasema, "Hapa pamekufa." Mgeni akacheka. Tulipofungua tulikuta gundi imeachia urefu wa mkono mzima. Mgeni akaacha kucheka, akaomba kiti.

Kitu asichokipenda ni nyigu wa tope. Nyigu hawa hujenga ndani ya kile kibomba kinachompimia rubani mwendo wa ndege. Bi Mwanasiti hakuandika barua popote. Alirudi Makorora akashona vikofia vidogo vyenye nakshi, kimoja kwa kila kibomba, na tangu hapo glaida zetu zinalala zimevaa kofia kama waungwana. Marubani wa kutoka nje wanazipiga picha.

Kazi mbovu huifunga kitambaa chekundu, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukifungua. Kitambaa chenyewe amekipinda ukingo vizuri. Anasema mtu hata akikataliwa, akataliwe kwa heshima. Mimi nimekataliwa kwa heshima mara nyingi. Kiraka kimoja cha bawa nilikirudia mara nne, na kila mara alisema neno moja tu, "Rudia," kisha akaenda kunywa chai. Meneja wetu, Bwana Daniel, aliwahi kumwomba afungue kitambaa kimoja kwa kuwa ratiba imebana. Akamjibu, "Meneja, kama una haraka, ingia wewe ukae, tukurushe." Meneja alikumbuka ana kikao.

Sasa niseme la mwezi Machi, maana nisipolisema mimi atalisema Manase, naye husimulia vibaya.

Kila mwaka Bi Mwanasiti huchukua likizo kumi la mwisho la Ramadhani. Akiwa hayupo, anayetia sahihi ni msaidizi wake, Manase. Alhamisi ya wiki ile liliingia agizo la lazima. Lilihusu mkono wa alumini, mdogo kama kiganja, unaokaa ndani ya mkia na kusukuma usukani wa kupandisha na kushusha pua. Mikono yenye namba 400 hadi 460 ilimiminwa vibaya kiwandani na inaweza kukatika. Ukikatika, rubani anavuta fimbo ya kuongozea na pua hainyanyuki. Yote ya namba hizo itolewe kabla ndege haijaruka tena.

Tuna glaida mbili za aina hiyo, Mwewe na Kipanga. Kazi nikapewa mimi. Namba imechongwa chini ya mkono wenyewe, na kuiona lazima ufungue kifuniko cha mkia, ulale chali, uingize kioo na tochi. Ilikuwa saa nane mchana, na bati la karakana mnalijua. Nikafungua kitabu cha kila ndege badala ya mkia. Kitabu kinasema Mwewe ina mkono namba 431, Kipanga ina 388. Mwandiko ni wa Bi Mwanasiti, na mwandiko ule hapa kwetu tulikuwa tunausoma kama khutba. Mwewe nikaifunga kitambaa chekundu isubiri mkono mpya. Kipanga nikaipitisha. Manase akaniuliza, "Umeuona mkono wenyewe?" Nikasema nimeuona. Akatia sahihi.

Jumamosi ilikuwa siku ya Najat, binti wa Chumbageni mwenye miaka kumi na tisa, kuruka peke yake kwa mara ya kwanza. Ndege ilikuwa Kipanga. Baba yake, Mzee Suleimani, alifika mapema na kanzu imepigwa pasi. Manase, kwa wema wake, akamtumia Bi Mwanasiti ujumbe wa simu: agizo limetekelezwa, Mwewe imefungwa, Kipanga inaruka leo na Najat.

Bi Mwanasiti anasimulia kwamba alikuwa jikoni anachekecha unga. Nyumba ya pili majirani walikuwa wameshaanza ugomvi wa kila mwaka, huyu anasema mwezi utaandama leo, yule anasema kesho. Mkono wake ukasimama ndani ya unga. Alikumbuka mkesha wa Idi wa mwaka 2011. Mwewe na Kipanga zilikuwa zimefunguliwa pamoja kupakwa rangi, mikono yao miwili ya mkia iko juu ya meza moja. Redio ikatangaza mwezi umeonekana, karakana nzima ikakimbilia nyumbani, naye akafunga haraka haraka. Alipofika njiani akatambua ameipishanisha: mkono wa Mwewe ameufunga kwenye Kipanga, wa Kipanga kwenye Mwewe. Yote ilikuwa mizima na ya aina moja, haikuwa na madhara siku hiyo. Akasema moyoni, nitaandika kitabuni tukirudi Idi. Tuliporudi Idi hakuandika.

Kwa hiyo 431 ilikuwa ndani ya Kipanga, na Najat alikuwa ndani ya Kipanga.

Akapiga simu. Akapiga tena. Siku za kuruka, kazi ikishaanza, simu zetu zote hukaa ndani ya ndoo ofisini ili mtu asizubae uwanjani, na sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe. Akapanda bodaboda, na dereva amekuja kutusimulia kwamba hajawahi kuambiwa aongeze mwendo na mama wa rika lile, tena aliyefunga saumu.

Glaida ikiwa chini huegemea bawa moja. Kamba ikishafungwa, mtu mmoja hushika ncha ya bawa na kuinyanyua iwe sawa, na hiyo ndiyo ishara kwa mtu wa winchi kwamba tayari. Mtu huyo siku hiyo nilikuwa mimi. Nimeshanyanyua. Najat ameshanionyesha kidole gumba. Nikasikia mkono juu ya mkono wangu, mweupe kwa unga, unashusha bawa chini.

"Weka chini, mwanangu."

Nikaweka.

"Namba ya mkono wa mkia umeisoma wapi?"

Meneja alikuwa ameshafika anahema, na Manase nyuma yake, na Mzee Suleimani. Nilikuwa na uongo mzuri kabisa tayari mdomoni. Nikautazama ule unga kwenye vidole vyake, nikasema, "Kwenye kitabu."

"Na kitabu nimekikosea mimi," akasema, kwa sauti ya kutosha watu wote. "Mtoe mtoto."

Alilala chali kwenye majani na buibui lake, kioo mkononi, na sote tumesimama kama tunamsubiri daktari. Akasoma: nne, tatu, moja. Tulipoutoa mkono ule, upande wa chini ulikuwa na ufa mrefu kama punje ya mchele. Najat, ambaye mpaka hapo alikuwa amenuna kwa kukatishiwa safari, akauliza taratibu, "Mama, ningevuta fimbo isingepanda?"

"Ungevuta tu, mwanangu."

Mzee Suleimani akakaa chini pale pale na kanzu yake ya pasi, akasema alhamdulillahi mara nyingi. Mimi nilikwenda nyuma ya winchi. Nilichokifanya huko hakiandikwi kwenye jarida.

Nilidhani leo nafukuzwa. Nikamfuata ofisini nikamwambia kwamba sikukosea, nilimdanganya Manase. Akanisogezea kitabu na kalamu. "La kwangu nimeshaandika. La kwako liandike wewe, kwa mwandiko unaosomeka." Niliandika. Manase naye akaandika la kwake, kwamba alitia sahihi kwa kusikia. Mistari mitatu, watu watatu, na meneja akaweka mhuri bila kikao.

Wakubwa wanaohesabu mafanikio watataja mafundi kumi na mmoja aliowafundisha, na ile miezi mitatu aliyotumia kuifufua Mwewe baada ya kutua kwenye shamba la mkonge. Ni kweli yote. Lakini mimi niliyekuwepo nasema jambo kubwa kuliko yote lilitokea wiki iliyofuata, baada ya Idi. Watu walianza kumwendea mmoja mmoja. Brightness wa stoo alikuja kusema kuna boliti alizitoa bila kusoma tarehe. Mwingine, simtaji kwa kuwa ananidai chapati, alikiri kuna spana aliipoteza mwaka 2019 na hajui iko ndani ya ndege gani. Tulifungua glaida zote, kifuniko kwa kifuniko. Spana tuliikuta tumboni mwa Mwewe, imetulia, imeota kutu. Miaka yote tulikuwa tunaficha kwa sababu tulidhani tunafanya kazi na mtu asiyekosea. Alipokosea mbele yetu, karakana nzima ilishusha pumzi.

Siku hizi namba ya kipande inasomwa kwenye chuma chenyewe, kwa sauti, na mtu wa pili anaiandika. Simu ya ofisini iko mezani, haiingii kwenye ndoo. Mkono mpya wa Kipanga ulifika Aprili. Niliufunga mimi, akaukagua yeye, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakusema rudia. Najat aliruka dakika ishirini na mbili peke yake, akatua, akalalamika kwamba zilikuwa chache.

Bi Mwanasiti, tunakushukuru kwa kila kipande ulichokikataa, na zaidi kwa kile ulichokikumbuka. Mungu akupe afya, na wajukuu wakushonee wewe sasa. Kama kuna kingine umekisahau tangu mwaka 1988, kiseme kabla ya Jumatatu, hakuna atakayekasirika, tutafungua. Kama hakipo, basi nenda Makorora ukalale usingizi mzito, wala usikurupuke. Leo ndege zote ziko chini, tumezihesabu, na watu wote wamerudi kwao.